Mshale Ulioshuka Kila Usiku: Kisa cha Geji ya Mafuta ya Fuso, Arusha

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, na mengi ninayoyashika ni magari ya mizigo. Kisa hiki kilipita mikononi mwangu, na hatua yake moja niliiharibu mwenyewe, kwa hiyo sikiandiki kama mtu aliyesimama pembeni. Majina, namba ya gari, yadi, duka la spea na kituo cha mafuta nimeviondoa. Vipimo ni vile nilivyovinakili kwenye daftari langu la kazi siku ileile.

Gari na watu wake

Ni Fuso la mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, lenye tenki moja la lita 200 ubavuni. Kazi yake ni vitunguu. Linatoka Arusha mchana, linapita Makuyuni na Mto wa Mbu, linapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kisha linashika barabara ya vumbi kwenda Mang'ola, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya upande wa Ziwa Eyasi. Linalala huko, linapakia kutwa nzima, na linarudi usiku na lumbesa zake, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, liwahi soko la alfajiri. Safari nzima, kwenda na kurudi, mita ya kilomita husoma kama 400.

Mwenye gari ni mama mfanyabiashara. Madereva wa mizigo humwita mwenye gari "tajiri", na huyu naye aliitwa hivyo, ingawa gari lenyewe alikuwa bado analilipia mkopo. Dereva ni mtu mzima aliyevuka miaka hamsini, na alikuwa na Fuso hilo mwaka wa tatu. Kuna utingo, kijana mpole asiyesema mengi, na kuna mlinzi wa yadi ambaye bila kujua ndiye aliyekuwa anaandika ushahidi wote.

Utaratibu wa mafuta ulikuwa hivi. Kila safari mama alitoa kiasi kilekile cha fedha na dereva alikwenda kuweka dizeli ya fedha hiyo. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo fedha ileile mwezi huu huleta lita hizi na mwezi ujao huleta lita nyingine. Hakuna aliyekuwa anaandika lita. Kilichoandikwa ni mshale: gari likitoka mchana, mlinzi anachungulia geji na kuandika, likirudi usiku, dereva anawasha taa ndogo ili dashibodi iwake, mlinzi anachungulia tena na kuandika. Robo. Nusu. Juu ya E kidogo, yaani karibu na tupu.

Jambo moja zaidi, ambalo wakati ule nililisikia na kulipuuza: miezi minne kabla sijaitwa, gari lilikuwa limetengenezwa bodi mpya, na chesisi yote ikapigwa rangi nyeusi.

Lawama zilivyoanza

Wiki chache baada ya bodi mpya, daftari la getini likaanza kuonyesha kitu kibaya. Gari linatoka mshale ukikaribia F, yaani tenki karibu limejaa, linarudi mshale ukikaribia kulala kwenye E. Mama alipiga hesabu yake: kwa tenki la lita 200, hizo ni kama lita 160 kwa safari, wakati zamani lilikuwa linakula kama 110. Lita 50 zinakwenda wapi?

Kila mtu anayemiliki gari la mizigo ana jibu la swali hilo kabla halijaulizwa. Mafuta yananyonywa njiani, yanauzwa kwenye madumu, dereva anagawana na utingo. Mambo hayo yapo, na mama alikuwa ameshaibiwa hivyo na dereva aliyetangulia. Akamkata huyu mshahara thamani ya lita 50 kwa safari mbili.

Dereva alijitetea kwa sentensi moja ambayo baadaye niliielewa kuwa ndiyo utambuzi kamili wa tatizo: "Mama, hii geji ikifika usiku inashuka." Mama alisikia kisingizio. Mimi nilipohadithiwa nilisikia hivyohivyo.

Safari ya tatu ikaongeza chumvi kwenye kidonda. Akiwa anarudi, giza limeingia, dereva alifika Karatu akaona mshale uko chini. Alijua kiasi alichoweka, lakini akawaza huenda mtu amenyonya wakati wanapakia Mang'ola, na hakutaka kuzimikiwa kwenye mteremko na mzigo mgongoni. Akanunua lita 20 kwa fedha yake, akadai risiti. Mama aliikataa risiti ile. Kwa hesabu yake, mtu anayekuibia lita 50 halafu akakuletea risiti ya 20 anakuongezea tusi.

Hapo ndipo nikaitwa, na nadhani sikuitwa kutengeneza geji. Niliitwa kuthibitisha kwamba geji ni nzima ili dereva afukuzwe kwa haki.

Siku ya kwanza, na kosa langu

Kwanza namna kifaa kinavyofanya kazi, kwa sababu bila hapo hutaona nilikosea wapi. Geji haioni mafuta. Ndani ya tenki kuna boya lililoshikwa na mkono wa waya mgumu, na mkono huo unasugua kipande cha ukinzani. Kifaa chote hicho mafundi tunakiita floti. Kwa gari hili, mafuta yakipanda ukinzani unapungua na mshale unakwenda F. Mafuta yakishuka ukinzani unaongezeka na mshale unarudi E. Umeme unatoka kwenye fyuzi, unapita kwenye geji, unateremka kwa waya hadi kwenye floti, na unarudi betri kupitia waya wa ethi uliofungwa kwenye chesisi. Kitu chochote kinachouzuia umeme kwenye mzunguko huo, popote kilipo, geji inakihesabu kama mafuta yaliyopungua. Haina namna nyingine ya kukihesabu.

Nilifika saa nne asubuhi. Nikachomoa plagi ya floti nikawasha funguo: mshale ukalala E, sawasawa. Nikachukua ule waya unaotoka kwenye geji, nikakwangua sehemu ya chesisi mpaka chuma kikang'aa, nikaugusisha hapo kwa sekunde chache tu, maana geji nyingine za zamani ukiuacha unaziunguza. Mshale ukapanda mpaka F. Fyuzi nzima, geji nzima, waya mzima. Kilichobaki ni floti. Nikamwambia mama, "Hapa ni floti."

Kipimo kilikuwa sahihi na hitimisho likawa bovu. Ule waya niliugusisha kwenye chuma nilichokikwangua mimi mwenyewe. Njia ya ethi ya gari, ile inayotumika kila siku, sikuipima kabisa. Nililiazima gari ethi yangu, halafu nikalisifu kuwa lina ethi nzuri.

Na floti nayo sikuitoa nikaipima. Iko juu ya tenki, bodi mpya imekaa karibu mno, mkono hauingii vizuri, na nilikuwa na gari jingine linanisubiri. Niseme tu ukweli, nilivivia.

Mama akatuma mtu dukani, ikaja floti iliyotumika, matundu ya bolti yake yakilingana kabisa na ya tenki. Siku iliyofuata tukapunguza mafuta mpaka yakabaki ya vidole viwili chini ya tenki, tukaiweka. Kijana wangu akawasha funguo, akacheka: "Fundi, mafuta yamejaa bila kuwekwa."

Mshale ulikuwa F. Nikaitoa ile floti nikaipima kwa mita: boya likiwa chini omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani), likiwa juu kabisa karibu 180. Hicho ni kipimo cha magari mengi ya Ulaya, na kinakwenda kinyume na cha geji hii. Ziko pia za Kimarekani, ambazo huwa 240 tenki likiwa tupu na 33 likiwa limejaa. Hizo mwelekeo ungelingana na geji hii lakini namba zisingelingana. Umbo la kifuniko na idadi ya bolti havikuambii lolote kuhusu umeme wa ndani. Nilijua hivyo, lakini nilikuwa na haraka.

Duka lilikataa kuirudisha, na spea ya umeme ikishatoka dukani ndivyo ilivyo. Fedha ile nilikuja kuilipa mimi.

Ndipo nikaipima ile ya zamani, kazi iliyotakiwa kuwa ya kwanza. Boya chini: omu 98. Boya juu: 8. Nikalipandisha polepole kwa mkono huku nikiangalia mita. Namba zilishuka taratibu bila kuruka na bila kukatika. Floti nzima kabisa. Tukairudisha, tukarudisha mafuta, mchana kweupe geji ikasoma vizuri, na mimi nikabaki sina la kusema.

Usiku

Dereva alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tairi muda wote huo. Nilipomaliza kukusanya vifaa nikaenda kumuaga.

"Shikamoo mzee, mimi sijaona kitu."

"Marahaba. Utaonaje na wewe unakuja mchana? Njoo usiku."

Nilirudi saa mbili usiku. Yadi ilikuwa giza, isipokuwa taa moja ya getini. Dereva akawasha funguo bila kuwasha injini. Kwa tochi niliona mshale umesimama juu kidogo ya nusu.

Akawasha taa ndogo. Dashibodi ikawaka rangi yake ya kijani, na mshale ukashuka. Haukudondoka, ulishuka kama mtu anayekaa kitini, ukasimama chini ya robo. Akazima taa: ukapanda tena juu ya nusu. Akawasha: chini ya robo. Nikamwomba akanyage breki. Ukalala E. Nikamwambia aweke indiketa ya kulia na kuzima vingine vyote, na hapo ndipo nilipojisikia mjinga, kwa sababu mshale ulianza kuitikia kwa kichwa. Taa ikiwaka unainama, taa ikizimika unainuka, tik, tik, tik, kama mzee anayekubaliana na maneno barazani.

Geji hii ilikuwa ya koili, ambayo mshale wake ni mwepesi. Zile za zamani zinazotumia kipande cha chuma kinachojikunja kwa joto haziwezi kucheza hivyo. Mshale wake huchukua muda mrefu kusogea, na kwenye gari la namna hiyo indiketa isingekuonyesha kitu. Pale ungelazimika kuwasha taa na kusubiri.

Ugonjwa ulikuwa umeshajitaja, ikabaki kuupima. Niliweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha ya pili nikaichomeka nyuma ya plagi ya floti kwenye waya wa ethi, kila kitu kikiwa kimefungwa kama kawaida. Kipimo hiki kinauliza swali moja: je, ethi ya floti na hasi ya betri ni kitu kimoja? Zikiwa kitu kimoja, mita inasoma karibu sifuri.

Funguo peke yake: volti 0.2. Si nzuri, lakini geji ilikuwa bado inasoma karibu na ukweli. Taa ndogo: 2.5. Taa ndogo pamoja na breki: karibu 6.

Kwa maneno mengine, taa za nyuma zilikuwa zinarudisha umeme wake kupitia njia ileile ya floti, na njia hiyo ilikuwa imeziba. Balbu mbili za breki za wati 21 kwa volti 24 zinavuta karibu ampea 1.75, floti inapitisha sehemu ndogo tu ya ampea. Umeme mwingi wa taa ukijaa kwenye mlango mwembamba, ule mdogo wa floti unasukumwa nyuma. Geji inaona ukinzani umeongezeka, na inafanya kile inachojua: inashusha mshale.

Bolti moja, nyaya mbili

Asubuhi nililala chini ya gari na brashi ya waya. Nyuma ya mkono unaobeba tenki kulikuwa na bolti namba 10 imebana vichwa viwili vya waya pamoja. Kimoja cha floti. Kingine kilikuwa kipya, cha taa za nyuma, kilicholetwa hapo na waliotengeneza bodi baada ya kuondoa bolti yake ya zamani. Vyote viwili vilikaa juu ya rangi nyeusi. Bolti iligusa chuma kwa nyuzi zake tu, na nyuzi zenyewe zilikuwa na kutu. Kichwa cha waya wa floti nilipokigeuza kilikuwa na ukungu wa kijani, na nyaya zake nne au tano zilikatika nilipokishika.

Taa zenyewe zilikuwa zimefifia kwa miezi minne. Hakuna aliyegundua, kwa sababu nani anatembea nyuma ya Fuso lake usiku akilinganisha mwanga?

Ningeweza kusugua pale pale, kubana upya, na kuondoka. Mshale ungekaa sawa siku hiyo. Sikufanya hivyo kwa sababu rangi na matope yangerudi, na siku bolti hiyo ikilegea tena taa zingeanza tena kuibia geji. Nikatenganisha. Taa nikazipa bolti yake, chuma kikakwanguliwa mpaka kikawa cheupe, washa ya meno (pete ya chuma inayong'ata chini ya bolti), kubana kwanza, grisi juu baada ya kubana. Floti nikaivutia waya wake wa milimita 2.5 za mraba moja kwa moja hadi pale hasi ya betri inapofungwa kwenye chesisi. Hata ethi ya taa ikioza kesho, geji haitajua.

Mita baada ya hapo: funguo peke yake 0.01, taa zote, breki na indiketa kwa pamoja, 0.02. Nikamwita utingo akanyage breki mara kumi. Mshale haukutikisika.

Kijiti na risiti

Kazi ya umeme ilikuwa imekwisha, lakini kesi haikuwa imekwisha. Nikimwambia mama "ilikuwa ethi", atasikia fundi aliyeharibu fedha yake ya floti sasa anamtetea dereva. Nikaomba siku moja zaidi, bila malipo, kwa ajili ya kitu kisichotumia umeme kabisa.

Tulimaliza mafuta tenkini. Nikachukua kipande cha mbao laini, unene wa kidole, kirefu kuliko kina cha tenki. Tukamimina dizeli kwa dumu la lita 20, na baada ya kila dumu nikachovya kijiti kilichopakwa chaki na kuchora kwa kisu pale paliposhika unyevu. Tenki hili ni la umbo la sanduku, kwa hiyo alama zilipishana karibu sawa isipokuwa chini na juu kabisa ambako kona zake ni za mviringo. Kwenye tenki la pipa lililolala, alama za katikati hukaribiana na za mwisho huachana, na mtu akigawa kijiti kwa rula atadanganyika. Gari lazima lisimame pa tambarare. Tulitumia sakafu ya zege ya yadi.

Kisha tukakaa: mama, dereva, mimi, na rundo la risiti ambalo dereva alikuwa amelifunga kwa mpira na kuliweka juu ya kizuia jua. Risiti za kielektroniki za vituo vya mafuta huandika lita. Zilikuwa pale siku zote. Safari sita za mwisho zilikuwa kilomita 2,412 na lita 668, ukijumlisha zile 20 za Karatu. Hiyo ni kilomita 3.6 kwa lita, matumizi ambayo mama mwenyewe alikuwa akiyaona ya kawaida kabla ya bodi mpya.

Halafu nikamwomba ahesabu kwa njia yake. Lita 160 kwa safari, safari sita, ni 960. Zilizonunuliwa ni 668. Hata kama tenki lilianza limejaa lita 200, jumla ni 868. "Mama, zile 92 zilizoibwa zilitoka kwenye tenki gani?"

Akanyamaza. Akachukua daftari la mlinzi, akaanza kulisoma upya kuanzia mwanzo, akifuata mistari kwa kidole. Alichokiona baadaye hakuna aliyemwonyesha. Gari linarudi usiku karibu tupu, mchana wa pili linawekwa lita 110 na kidogo, na linatoka mshale ukikaribia F. Lita 110 kwenye tenki tupu la 200 haziwezi kufika F. Daftari lilikuwa linajipinga lenyewe kila ukurasa, na kila mmoja alikuwa anasoma mstari wa usiku tu.

Matokeo

Mama alirudisha makato ya safari zote mbili na fedha ya lita 20 za Karatu. Hakusema samahani kwa neno hilo, aliweka bahasha mezani, akaagiza soda, akasema, "Mzee, yaishe." Dereva akajibu yamekwisha. Alimaliza msimu wa vitunguu vizuri, kisha akahamia gari la mtu mwingine. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hana ugomvi na mama, ila usiku akiwa njiani macho yalikuwa yamezoea kukaa kwenye mshale badala ya barabarani.

Siku hizi gari linajazwa mpaka juu kila likirudi, na kinachoandikwa ni lita za risiti na kilomita za mita. Kijiti kinakaa nyuma ya kiti.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kipimo cha volti kati ya ethi ya floti na hasi ya betri, kikipimwa na mizigo ya umeme ikiwa imewashwa. Hakihitaji kufungua kitu, kinachukua dakika mbili, na kingenionyesha jibu siku ya kwanza hata saa nne asubuhi, kama tu ningewasha taa. Wengi tunapima ethi kwa omu, betri ikiwa imechomolewa. Kipimo hicho hudanganya: nyuzi mbili tatu za waya zikiwa bado zinagusa, mita inasoma vizuri, lakini zikipewa ampea mbili zinashindwa. Ethi ipimwe ikiwa kazini.

Kutenganisha njia za ethi nako kulikuwa uamuzi mzuri, na ningeurudia hata kwenye gari ambalo bolti yake bado ni safi.

Kilichoshindwa ni zaidi ya kimoja, na si vyote ni vya ufundi. Nilibadilisha kifaa kabla ya kukipima. Sikulinganisha omu za floti mpya na ya zamani juu ya meza kabla ya kuiweka. Nilipima hali ya mchana kwa tatizo lililoripotiwa kuwa la usiku, na hili ndilo linaloniuma, kwa sababu taarifa sahihi ilikuwepo tangu mwanzo, na ilitoka kwa mtu anayekaa na gari lile saa nyingi kuliko sisi wote. Tuliidharau kwa sababu alikuwa mtuhumiwa. Angeisema mama, ningewasha taa.

Hoja ya mama haikuwa ya kipumbavu. Wizi wa dizeli upo kweli, na mtindo wake unafanana kabisa na kile geji ilichoonyesha. Tatizo la mfumo wake lilikuwa kwamba usomaji wa usiku haukuwezekana bila kuwasha taa, na taa ndizo zilizokuwa zinaharibu usomaji. Kila mara mlinzi alipochungulia, alichungulia ndani ya hitilafu. Na kununua mafuta kwa fedha badala ya kwa lita kuliondoa kipimo pekee ambacho kingeweza kumpinga mlinzi. Kujaza mpaka juu kila mara, hata bila geji kabisa, kungetoa matumizi sahihi baada ya safari moja.

Waliotengeneza bodi walifunga ethi juu ya rangi. Ni kosa, na ni la kawaida mno: mchomeleaji huondoa nyaya, mpiga rangi hupita, halafu mtu wa tatu hurudisha nyaya bila kujua kilichokuwa chini. Sasa gari likitoka kwenye bodi au rangi, kazi yangu ya kwanza ni kuzunguka chesisi na kufungua kila bolti ya ethi.

Naongeza hili kwa mafundi wenzangu watakaokutana na gari lenye floti ya Kiulaya, ile ya omu 10 tupu na 180 ikijaa. Ethi mbovu kwenye gari hilo inafanya kinyume: ukinzani ukiongezeka, mshale unapanda. Fuso hili lingekuwa la namna hiyo, dereva yuleyule, njia ileile na bolti ileile, daftari la mlinzi lingeonyesha gari linalorudi kila usiku na mafuta mengi. Mama angemsifu mzee kwa kubana matumizi, labda na posho angemwongezea, mpaka usiku ambao Fuso lingezima kwenye kona za ukuta wa Mto wa Mbu na lumbesa mgongoni, hewa imeingia kwenye pampu, mshale ukiwa nusu tenki.